Mwanangu wa miaka 10 amegoma kusali tangu baba yake azame. Nimpeleke kwenye kambi ya maombi?

Mama_Igombe:
Habari za jioni wana jukwaa. Mimi ni mjane, nipo Igombe, naanika na kuuza dagaa. Mume wangu alikuwa mvuvi wa dagaa, ziwa lilimchukua mwaka jana. Bado nauona mtumbwi ukiondoka, mbalamwezi nyeupe kama mchana.

Huyu mtoto alikuwa wa kanisani haswa. Sala ya jioni yeye ndiye aliyetuongoza, Baba Yetu alimfundisha mdogo wake. Tangu msiba hafumbui mdomo. Tukianza rozari anatoka nje. Mafundisho ya komunyo ameacha zikiwa zimebaki wiki chache. Nikimlazimisha aombee chakula tu, anatetemeka. Juzi alijikojolea.

Kuna mtumishi ana kambi ya maombi mkoa wa jirani, anasema mtoto ana roho ya mauti, akae kule miezi mitatu. Nimpeleke au nisubiri? Usiku silali.

Mwalimu_Nyakato:
Mtoto wa miaka 10 anagoma, mzazi ni nani hapo? Sisi tuliamshwa alfajiri, misa ya kwanza kwa miguu, na ukisinzia unaliona jicho la bibi. Mmewalegeza wenyewe.

Sato_Choma:
Mimi nilikuwa natoroka mafundisho kwenda kuogelea. Kilichonirudisha ni harufu ya pilau kwenye sherehe ya komunyo ya jirani. Mpe muda mama, pilau lina upako wake.

Mteule_Buzuruga:
Dada, tatizo ni hizo sala za kukariri. Mlete mtoto aokoke, ajue kuomba kwa maneno yake mwenyewe.

Katekista_Mstaafu:
Ndugu Mteule, mama ameomba msaada, hajaomba kubadilishiwa kanisa.

Binti_Sengerema:
Pole sana dada yangu. Mimi naona tofauti. Mtoto mkaidi hukunja uso, huyu wako anatetemeka. Huyo anaogopa. Anaogopa nini? Siku za msiba aliambiwa nini, na nani?

Mama_Igombe:
Hakuna aliyemwambia kitu. Watu walikuja, wakalia, wakaondoka. Na niseme ukweli, nusu ya pesa ya kambi nimeshatoa na shuleni nimeshamwombea ruhusa. Msinione mama mbaya. Jirani alimpeleka binti yake, alirudi anasali.

Mzee_wa_Igoma:
Mwanangu, pole. Nilikuwa na miaka 9 MV Bukoba ilipozama, tarehe 21 Mei 1996. Mama yangu alikuwa anarudi kutoka kusalimia kwao. Wengi walizikwa hapa Igoma, na hata leo nikipita pale makaburini napunguza mwendo. Nilikaa miaka sita naimba kwaya huku moyoni hamna kitu. Bibi alijua. Hakunishika mkono hata siku moja akaniambia omba. Yeye alikuwa anaomba kwa sauti jikoni, anamlalamikia Mungu kabisa: "Hapa umenionea, na huyu mtoto nitamlisha nini?" Kisha anapepeta mchele. Nilichokishika cha imani nilikishika kwenye yale malalamiko, maana nilijua kumbe mtu anaweza kumkasirikia Mungu na asimwache.

Nahodha_Kirumba:
Samahani wakuu, hii ni chai. Nimevua dagaa miaka kumi na minne. Dagaa tunavua giza, taa ndiyo inawavuta. Mwezi ukiwa mweupe taa haifanyi kazi, mitumbwi ipo mchangani na watu wanashona nyavu. Huyu "mvuvi wa dagaa" aliyeondoka na mbalamwezi alikwenda kuvua nini? Watu wanatunga misiba wapate kuchangiwa.

Sato_Choma:
Duh. Nimekaa pale.

Binti_Sengerema:
Hajaomba mchango hata shilingi, Nahodha. Dada, jibu tu.

Mama_Igombe:
Nahodha umesema kweli. Ulikuwa mwezi, mtumbwi wao ulikuwa umelala wiki nzima, ndani hatuna pesa. Mtoto alihitaji viatu vya komunyo. Kila jioni kwenye sala alikuwa anasema, "Mungu mpe baba pesa ya viatu vyangu." Baba yake akamsikia. Akaenda kibarua kwa watu wa nyavu za sangara, mtumbwi asioujua, boya hana. Upepo ukawakuta kabla ya alfajiri.

Siku ya tatu, mwili ulipopatikana, mimi nilikuwa kama kichaa. Mtoto akanishika kanga. Nikamwambia, "Si uliomba viatu? Haya, vivae." Nilisema mara moja tu. Hajawahi kunikumbusha.

Nahodha_Kirumba:
Nisamehe dada. Nimefuta nilichotaka kuongeza.

Binti_Sengerema:
Kwa hiyo akiombea chakula anadhani kuna mtu atakufa.

Mama_Igombe:
Lakini kambini wana watu wa kuombea watoto. Mimi nitamwambia nini? Nusu ya pesa nimeshatoa.

Katekista_Mstaafu:
Mama, nimefundisha watoto miaka thelathini. Papa Pius X aliposhusha umri wa komunyo mwaka 1910 hadi miaka kama saba hivi, alitambua kwamba mtoto mdogo anaweza kumjua Mungu kweli. Basi anaweza pia kumwogopa kweli. Huyo hana roho ya mauti. Ameamini sala yake ina nguvu kuliko mtu mzima yeyote hapa, na amebeba kaburi la baba yake mwaka mzima peke yake.

Zaburi ya 88 soma uone, inaanza kwa kilio na inaishia gizani, na bado ni sala. Usali wewe, yeye akiwepo au akiwa nje mlangoni. Komunyo itasubiri, hakuna anayemfukuza. Ila lile neno ulilolisema wewe, mtumishi wa kambi hawezi kuliondoa. Kaa naye chini, umwambie ulikosea, na kwamba viatu havikumuua baba yake, ni upepo. Na umpeleke pia kwa mshauri wa watoto hospitali, kutetemeka na kujikojolea si jambo la kuachia sala peke yake.

Mwalimu_Nyakato:
Niliandika kwa haraka pale juu. Mama, pole.

Mteule_Buzuruga:
Hivyo viatu vipo?

Mama_Igombe:
Vipo. Shangazi yake alivinunua baada ya arobaini, hajui habari yote. Vipo juu ya kabati, ndani ya mfuko. Mtoto akiingia chumbani hatazami juu.

Kambi wamepiga simu mara mbili leo. Basi lao linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Sijapokea. Saa hizi yupo nje anamsaidia mdogo wake kuingiza dagaa, mvua imetanda upande wa ziwa. Wakimaliza nitamwita.