Kipimo cha maikro-RNA kwa ndugu wa mgonjwa: tuuze dhahabu ya mama?

Mvita39: Assalam aleikum jamani. Kaka yangu mkubwa, miaka 47, tuko Kisauni. Mwaka mzima akiona damu chooni, sote tukasema bawasiri, mama akawa anamchemshia mitishamba. Mwezi uliopita kamera ya kuchungulia utumbo ikaonyesha uvimbe, biopsi (kipande cha nyama kilichopimwa) ikathibitisha: saratani ya utumbo mpana. Ameshapasuliwa, akitaka kuketi bado hushika tumbo kwa mikono miwili. Sasa nimetumiwa tangazo WhatsApp: damu yako inapelekwa ng'ambo, inapimwa maikro-RNA, eti sisi ndugu watatu tuliobaki tutajua kama tunayo. Bei ni kodi yangu ya miezi minne kwa kila mtu. Mama ameshatoa bangili zake ziuzwe. Mimi nina 39, sina dalili. Nishaurini, silali.

Mkunguni: Pole ndugu yangu, Mola amponye. Bangili za mama zirudi kabatini kwanza.

BintiMaabara: Pole sana kaka. Nafanya kazi maabara. Sayansi yenyewe ni ya kweli. Victor Ambros na Gary Ruvkun walipata Nobel 2024 kwa kugundua maikro-RNA. Hizi ni molekuli ndogo ndani ya seli; hazitengenezi protini, kazi yake ni kuzuia ujumbe wa jeni nyingine usisomwe. Kwenye saratani ya utumbo mpana, maikro-RNA iitwayo miR-21 hupanda na kuibana PTEN, jeni ambayo ni breki ya ukuaji wa seli. miR-143 na miR-145 hushuka. Lakini miR-21 hupanda pia kwenye saratani ya matiti na ya mapafu! Ukiambiwa imepanda, utaitafuta wapi? Mwisho utaishia kwenye kamera tu. Na kamera ikikuta kinyama kimeota, daktari hukikata papo hapo, kabla hakijageuka saratani.

Mvita39: Lakini sina dalili, dada.

BintiMaabara: Hata kaka hakuwa nayo mwanzoni. Mwenye ndugu wa tumbo moja aliyeugua huanza kupimwa akiwa na 40, au miaka kumi kabla ya umri ndugu aliougua, ipi itangulie. Kwenu ni 37. Umechelewa miaka miwili. Na muulizeni daktari kama ile nyama ya uvimbe iliyokatwa kwa kaka inaweza kupimwa MMR (protini zinazorekebisha makosa ya DNA), ijulikane kama ugonjwa huenda ni wa kurithi.

Mvita39: Dada yetu ana 44. Nampigia sasa hivi. Siku ya kamera naweza kwenda kwa pikipiki yangu?

BintiMaabara: Usiendeshe. Utapewa sindano ya usingizi, nenda na mtu wa kukurudisha. Ile dawa ya kusafisha tumbo inywe ukiwa nyumbani, karibu na choo.