Beetle, Pijo 504 au Land Rover 109: lipi la kuanza kulifufua?

Mkweche_Moro
Habari wakuu. Nami nimeambukizwa ugonjwa wa magari ya zamani. Ni kazi ya Jumamosi tu, si biashara. Nimeona matatu, mfuko unaruhusu moja. Beetle ya 1972 iko Tanga, inawaka. Pijo 504 ya 1978 iko Moshi, imelala chini ya mwembe miaka kumi na moja na injini imejamu. Halafu kuna Land Rover 109 Series III, inatembea ila haina hata kiti kimoja. Mimi najua kufungua plagi na kumwaga oili, basi. Mngeanza na lipi?

Kabureta
Beetle, na sina swali la pili. Injini inapozwa kwa upepo: hakuna rejeta, hakuna pampu ya maji. Inashikwa na boliti nne tu, watu wawili na jeki mnaishusha kabla chai haijapoa. Nafasi ya valvu unaipima mwenyewe asubuhi injini ikiwa baridi, 0.15 mm. Mexico waliendelea kuitengeneza hadi 2003, kwa hiyo spea bado zipo. Na msiidharau, Safari Rally ya 1962 ilichukuliwa na hiyo hiyo.

BodiNaKutu
Mkuu Kabureta anaongelea injini. Mimi napiga bodi, acha niseme langu. Beetle ya Tanga ni Beetle iliyokula chumvi. Inua kiti cha nyuma upande wa kulia, betri inakaa hapo, na asidi imekuwa ikidondokea bati miaka yote. Kuna moja niliinua zulia nikaiona sakafu ya gereji yangu. Kisha kagua ile mifereji ya hewa ya moto inayopita chini ya milango. Ndiyo inayobeba bodi. Ikioza, mlango hautakaa sawa hata umwite nani. Funga sumaku kwenye kitambaa laini, ipitishe hapo chini. Pasiposhika ni pati tupu ya kuzibia matundu, si bati.

Halafu betri iwe na kifuniko, tafadhali. Mtu mzito akikaa nyuma, springi za kiti zikagusa vichwa vya betri, ni moto.

mia_na_tisa
Niko Nanyuki, na 109 yangu ina miaka sita mikononi mwangu. Sumaku ya BodiNaKutu iache nyumbani, bodi ya Land Rover ni aluminiamu. Lakini usishangilie mapema: chasisi ni chuma, na pale metali hizi mbili zinapogusana, unyevu ukiingia aluminiamu inaliwa hadi inakuwa unga mweupe. Lala chini na nyundo ndogo, gonga chasisi yote, hasa nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu "puu".

Raha yake ni kwamba karibu kila kitu kimefungwa kwa boliti. Niliivua yote nikaipanga uani; mama watoto akaanika nguo juu ya madigadi miezi minne. Ubaya: injini ya petroli ya 2286 cc inakunywa kama ina mkataba na kituo cha mafuta, na ndani mnaongea kwa kupiga kelele.

Pijo_la_Shangazi
Mnaikimbia 504 kwa sababu ya injini kujamu tu? Toa plagi zote, mimina dizeli iliyochanganywa na oili kidogo kwenye kila silinda, acha siku tatu. Kisha zungusha puli ya injini kwa spana, taratibu, mbele na nyuma. Usiguse stata! Yangu ilikubali siku ya tano, nikapiga kelele majirani wakatoka. Hii gari ilishinda Safari mwaka 1975 na tena 1978, na kukaa ndani ni kama sofa.

La kuogopa ni bati pale springi za mbele zinapoegemea juu, ndani ya boneti. Pakioza hapo, achana nayo. Na uhakikishe taa za mbele zipo. Umbo lile halina mbadala.

BodiNaKutu
Namuunga mkono shangazi. Injini mbovu ina bei unayoweza kuulizia. Kutu hujui bei yake mpaka ukwangue rangi.

Mkweche_Moro
Nimerudi, wakuu. Tanga: sumaku ilidondoka mara tatu. Land Rover ililia "puu" nyuma kote, mwenyewe akaniangalia kwa huruma. Moshi: springi ziko salama, taa zote mbili zipo, kuna kiota cha kuku kwenye buti. Nimeshamimina dizeli na oili. Muuzaji ni kijana, anasema gari ni la marehemu baba yake.

Kabureta
Wamekushawishi, haya. Kadi ya gari ina jina la nani?

Mkweche_Moro
La mzee.

Pijo_la_Shangazi
Na msimamizi wa mirathi ni huyo kijana? Maana ana ndugu. Usitoe hata shilingi, mdogo wangu, kabla hujaona karatasi ya mahakama. Na namba ya chasisi uisome mwenyewe kwenye gari, usisomewe.

Mkweche_Moro
Kumbe wako saba. Jumamosi napanda tena basi la Moshi.