Mnaouza gololi za zamani na kubandika kila kitu jina la Akro, leo nimechoka

Wakuu habari za muda huu. Naandika nikiwa na hasira kwa hiyo kama sentensi zitakuwa ndefu mnivumilie, hili jambo nimelinyamazia karibu miaka mitatu na leo limenifika shingoni.

Kwa wasionijua, mi niko Ohio, Marekani, nafanya kazi ghala, na nakusanya gololi za kioo za zamani. Gololi hizi hizi tulizokuwa tunachezea vumbini Tanga, wenzetu wa Nairobi wanaita bano. Kuna mzee jirani yangu alipohama aliniachia kopo zima akaniambia chukua kijana, wajukuu hawazitaki, basi tangu siku ile sijapona. Na Ohio ndo kwenyewe. Hapa Akron ndo Martin Christensen alipata hataza ya mashine ya kuviringisha gololi mwaka 1905, kabla ya hapo nyingi za kioo zilikuwa zinatoka Ujerumani, kijiji cha Lauscha, zinakatwa kwa mkono moja moja.

Sasa kisa chenyewe. Wiki mbili zilizopita mdau mmoja wa humu humu, simtaji, anajijua, akaweka tangazo: Akro Agate (kampuni ya zamani ya gololi huku Marekani, ndo hiyo Akro), Popeye, bluu na njano, ya kabla ya vita, dola 65. Picha moja tu. Imepigwa kwa upande mmoja, taa kali imeangukia juu hadi nusu ya gololi imekuwa nyeupe tupu. Nikamuuliza kaka una uhakika, akanijibu uhakika mia kwa mia mkuu, hiyo imetoka kwenye nyumba ya bibi kizee, haijaguswa tangu enzi. Nikamwomba picha ya ncha zote mbili akasema simu yake kamera mbovu. Nikamwamini. Mswahili mwenzangu, tunasalimiana humu kila siku, nikatuma hela.

Imefika Jumanne. Nikaitoa kwenye bahasha, nikaiosha, nikawasha taa ya mezani nikachukua lensi. Aisee sikuhitaji hata dakika moja.

Popeye ya Akro, kwa wasiojua, inaitwa hivyo kwa sababu ziliuzwa kwenye maboksi yenye picha ya Popeye yule baharia wa katuni. Ni kokskru, yaani rangi inaanzia ncha moja inajizungusha kama ule waya wa kuzibulia chupa ya mvinyo mpaka ncha ya pili, na haichanganyiki na mwenzake. Kule kiwandani kioo kilichoyeyuka kilikuwa kinapita kwenye kikombe kinachozunguka ndo maana rangi zinajisokota vile. Na Popeye lazima iwe na kioo kisicho na rangi kinachopitisha mwanga, chenye nyuzi nyuzi za rangi ya maziwa ndani. Ukiishika dhidi ya taa unaona mle ndani.

Hii niliyoletewa ukiishika dhidi ya taa huoni kitu, imeziba kote. Hakuna msokoto wowote. Ina baka la bluu upande mmoja, ukanda wa njano, baka la bluu tena, ukanda wa njano tena, na mishono miwili inatazamana, mmoja huku mmoja kule. Halafu karibu na mshono mmoja kuna kipande kimebanduka, kidogo kama punje ya ulezi, na hapo ndo hasira ikanipanda kweli: chini ya njano kuna nyeupe. Njano yenyewe ni ngozi tu, nyembamba kama rangi ya kucha, imelazwa juu ya kioo cheupe. Kwenye kokskru ya Akro rangi inazama ndani ya kioo, ukiibandua kipande bado unakutana na rangi. Hii ya ngozi ngozi, baka na ukanda, bluu na njano, ni Marble King ya West Virginia, kampuni iliyoanza mwaka 1949, na wakusanyaji wanaiita Cub Scout. Gololi nzuri tu, mi mwenyewe ninazo na nazipenda, ila ni ya dola chache na kabla ya vita hiyo kampuni haikuwepo kabisa! Sasa hiyo "kabla ya vita" umeitoa wapi ndugu yangu?

Nikamwandikia kwa heshima kabisa, nikamtumia picha za mishono na za kile kibanzi. Unajua alijibu nini? "Mkuu gololi ni gololi, hata wataalamu wenyewe hawakubaliani." Baada ya hapo kimya mpaka leo.

Hilo jibu ndo limenifanya nifungue huu uzi, dola 65 ningezimeza. Maana ni uongo unaofanana na ukweli. Ni kweli zipo gololi ambazo huwezi kujua nani katengeneza, na sababu yake inajulikana. Watu walihama na ujuzi wao. Kampuni ya Master Marble ilianzishwa mwaka 1930 na watu waliotoka Akro, wakafikishana mpaka mahakamani kugombania mashine. Arnold Fiedler, fundi wa rangi za kioo, alifanya kazi zaidi ya kampuni moja, mojawapo Christensen Agate ya hapa Ohio, na ufundi wake ukaenda naye. Kwa hiyo ndiyo, kuna siku unaigeuza gololi saa nzima halafu unaandika kwenye karatasi: haijulikani. Mi kwenye makopo yangu nina kopo zima la haijulikani na ndo kopo kubwa kuliko yote. Lakini kutojulikana kwa hizo hakukupi wewe ruhusa ya kuchukua inayojulikana, tena inayojulikana hata na mtoto wa mwaka wa kwanza kwenye hii kazi, ukaipa jina la ghali.

Na wanaosaidia huu wizi ni nyie mnaokomenti. Mtu anaweka picha ya gololi, haijapita hata dakika, komenti tano: Akro, Akro, Akro mkuu, hiyo Akro shika hapo hapo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza upande wa pili ukoje. Hakuna aliyeuliza ina milimita ngapi. Hakuna aliyeuliza mshono umekaaje. Mnaitajaje gololi mliyoona robo yake?

Halafu kuna ile ya taa ya zambarau. Kila mtu siku hizi kanunua kitochi cha UV, akimulika gololi ikawaka kijani anakimbilia kuandika "inawaka, ni Akro orijino". Jamani. Mara nyingi inawaka kwa sababu kioo kimewekwa uranium, na uranium haikutumiwa na kiwanda kimoja tu. Kitochi kinakwambia kilichomo kwenye kioo, hakikwambii nani alikimimina.

La Christensen ndo linaniuma zaidi maana ni la nyumbani kwangu huku. Kuna M.F. Christensen & Son ya Akron, ya yule yule mwenye mashine, iliyofunga mwaka 1917. Na kuna Christensen Agate, iliyoanza mwaka 1925 kwenye mji wa Payne, ikahamia Cambridge mwaka 1927, zote Ohio hiyo hiyo, lakini ni kampuni mbili tofauti na hii ya pili haikuwa ya familia ya yule mzee. Mtu anauza gololi ya ile kampuni ya kwanza, ya kioo cha rangi kilichochanganyika na nyeupe, ambayo ukiiangalia kwa juu unaona kabisa alama ya 9 na chini kamkia kalipokatiwa, kwa sababu fundi alichota kioo kwa fimbo akakizungusha kwa mkono wake mwenyewe ndo kikaingia kwenye mashine, alama nzuri kama sahihi, halafu anaandika "Christensen Agate" na kuipandisha bei kwa jina la kampuni ambayo wakati ile gololi inatengenezwa haijazaliwa. Na mnunuzi anafurahi! Anaenda kuwaonesha wengine, nao wanajifunza makosa yale yale. Nimeshakutana na kijana anabisha na mimi kwa kutumia picha ya tangazo ambalo mimi mwenyewe nililipinga mwaka juzi. Hivyo ndo uongo unavyokuwa maarifa.

Nyingine ya haraka haraka, wanaozisugua. Gololi imechubuka unaipeleka kusuguliwa mpaka inang'aa, sawa, ni mali yako, lakini sema. Ukisugua umeondoa ngozi ya juu, na mara nyingi umeondoa na ushahidi, mshono umefifia, lile kovu la kukatwa kwenye zile za Kijerumani limekuwa laini, mtu anayekuja kuitambua baadaye anahangaika bure. Na bei yake inashuka, mnalijua hilo ndo maana mnanyamaza.

Kuna mdau aliniambia inbox kaka punguza, hivi ni vitu vya kuchezea tu. Sikubaliani. Akro walitoka Akron wakahamia Clarksburg, West Virginia, mwaka 1914, wakafunga 1951, na watu waliosimama mbele ya zile tanuru hawakuandika majina yao popote. Gololi haina mhuri, haina namba, haina lebo, boksi lake lilitupwa siku ile ile mtoto alipolifungua. Kilichobaki kumtaja aliyeitengeneza ni jinsi rangi ilivyojikunja na pale mkasi ulipopita, basi. Ukija wewe ukasema Akro kwenye kazi ya mtu wa Marble King umemfuta mtu wa Marble King.

Kwa huyo muuzaji, kama unasoma, na najua unasoma maana nakuona uko online: sitaki ugomvi, nataka hela yangu na nitakurudishia gololi yako kwa gharama zangu mwenyewe. Ila kabla hujaiuza kwa mwingine badilisha lile tangazo, mpaka asubuhi hii bado liko vile vile na umeongeza neno "nadra".

Nimeipiga picha pande sita kwenye mwanga wa dirishani, pamoja na rula na kile kibanzi kwa lensi, milimita 16 kamili. Nazipandisha hapo chini. Wale watano mliokomenti Akro siku ile, nimewataja wote, njooni mnioneshe kwa kidole huo msokoto uko wapi.