Mafundi wa kompyuta, acheni kutupigia Windows mpya kila mashine ikizima! RAM mmeziweka kwenye kasi ambayo hamjaipima

Wakuu habari za jioni.

Leo sina lugha nzuri, mnivumilie. Hasira zangu ni kwa mafundi wa kompyuta za kuunganisha, hasa hawa wanaoposti mashine zenye taa za rangirangi, bei imechangamka, maelezo yamejaa namba kubwakubwa. Ukishalipa, kila tatizo ni lako wewe na umeme wa mtaani kwenu.

Mimi nahariri video za harusi. Duka moja hapa Dar (jina naliacha, wenyewe wanajijua) wakaniunganishia prosesa ya AMD Ryzen 5 5600, mazabodi ya B550, RAM (kumbukumbu ya muda) ya aina ya DDR4 GB 32 na diski ya NVMe. Hela nilitoa yote taslimu. Kwenye tangazo waliandika kwa mbwembwe kabisa "RAM 3600", yaani kasi yake.

Mashine ikaanza vituko. Bibi harusi ndiyo kwanza anaingia ukumbini, skrini ya bluu, ile ya Windows ikianguka. Unawasha, inatulia saa nzima, ukianza kutoa video, bluu tena. Na kila ikianguka inaleta msimbo mwingine: leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Faili la zip lililofunguka vizuri asubuhi, jioni linakwambia limeharibika. Ukilirudia, linafunguka!

Sasa hivi, kwa mtu anayekula hela za watu kwa jina la ufundi, dalili hizo si zingetosha? Dereva mbovu mara nyingi huangusha mashine kwa namna ileile na faili lilelile linatajwa. Misimbo ikirukaruka hivyo, wa kwanza kushukiwa ni RAM. Lakini wapi. Fundi: "Windows yako imekufa bosi wangu." Akapiga upya, nikalipa. Ikaanguka. "Hizo programu unazoshusha zina virusi." Ikaanguka na Windows tupu. "Umeme wa kwenu unacheza, tafuta UPS (betri ya akiba)." Nikanunua, mashine ikaangukia humohumo kwenye UPS. "Basi itakuwa pawa saplai ndogo." Bahati nzuri hapo nilikuwa nimeishiwa.

Kilichoniudhi kuliko vyote: alipokuwa anarudia kupiga Windows mbele yangu, kazi ikagoma katikati ikidai faili limeharibika. Akalaumu flashi. Akaleta flashi nyingine, ikagomea sehemu nyingine kabisa. Data inaharibika huku unaitazama, inapita kwenye RAM, na bado unatafuta flashi ya tatu!

Nikaenda nyumbani nikashusha Memtest86+, programu ya kupima RAM. Ni ya bure, unaiweka kwenye flashi, unawasha kompyuta kupitia hiyo flashi, unaiacha ifanye kazi usiku kucha. Kwangu hata usiku haukufika. Makosa yakaanza kumiminika kwa rangi nyekundu: anwani, kilichoandikwa, kilichosomwa, tofauti biti moja. Ndipo nikafungua kasha nisome vibandiko. RAM nne za GB 8. Mbili zimeandikwa 3600, volti 1.35. Mbili ni za kampuni nyingine, 3200. Jozi mbili zisizojuana, na ile ya 3200 inakimbizwa 3600! Bwana mkubwa aliingia BIOS (mipangilio ya mazabodi), akawasha XMP, akaona 3600 imetokea, akapiga picha ya kuposti, basi.

Kwa wasiojua: DDR4 kwa kiwango cha kawaida inatumia volti 1.2, na kasi za kiwango hicho zinaishia 3200. XMP ni mipangilio ambayo mtengenezaji wa RAM ameihifadhi kwenye chipu ndogo juu ya RAM yenyewe, yenye kasi kubwa na volti zaidi, mara nyingi 1.35. Mtengenezaji aliijaribu ile pakiti aliyokuuzia. Hakuijaribu ikiwa imechanganywa na ya jirani. Na pia kuna kidhibiti cha kumbukumbu ndani ya prosesa, ambacho nacho kina uwezo wake. AMD wenyewe kwa Ryzen 5000 wanaahidi 3200 ukiweka RAM mbili. Ukiweka nne, ahadi inashuka hadi 2933, na kama kila RAM ina seti mbili za chipu (dual rank), 2667. Yaani hata kama zote nne zingekuwa pacha, 3600 ni bahati nasibu. Wengine inawakubali, sikatai. Lakini bahati nasibu unaipima kabla ya kumkabidhi mteja.

Nikarudi dukani na picha za makosa. Mnajua alichofanya? Kasi akaiacha palepale, akapandisha volti za RAM hadi 1.5! Kibandiko kinasema 1.35. Akaipima dakika chache pale kwenye kiyoyozi, ikapita, akanirushia "umeona sasa?". Nyumbani kwangu hakuna kiyoyozi. Mchana wa Dar mnaujua, RAM ikawa ya moto, makosa yakarudi. RAM inahifadhi data kwa chaji ndogo sana inayovuja taratibu, na joto likipanda inavuja haraka zaidi. Zipo RAM za DDR4 zilizotengenezwa kubeba 1.5, hizi siyo.

Na msije hapa na ile ya "volti kidogo haziui". Mwaka 2023 prosesa za Ryzen 7000, hasa zile za X3D (zenye kashe ya ziada), ziliungua kwenye soketi, na AMD wakawaagiza watengenezaji wa mazabodi wafunge volteji ya SoC (sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha kumbukumbu) isizidi 1.3. Mwaka 2024 Intel nao wakatoa masahihisho ya programu ya ndani ya prosesa, 0x129, kwa kizazi cha 13 na 14 ili prosesa isiombe zaidi ya volti 1.55, baada ya nyingine kuwa zimeshaharibika moja kwa moja. Hao ni wenye maabara. Wewe una bisibisi.

Haya. Nikatoa ile jozi ya 3200, nikabakiza mbili za 3600 na kuziteremsha hadi 3200 kwa 1.35. Memtest usiku mzima, safi. Video zikatoka. Nikapumua.

Lakini mashine ikawa inajizima na kujiwasha yenyewe, bila bluu, na cha ajabu ni wakati haina kazi. Ikiwa inatoa video inapiga mzigo vizuri, ukiiacha ukanywe chai inazima. Kwenye kumbukumbu za matukio za Windows nakuta WHEA-Logger namba 18, yaani kosa kubwa la vifaa. Kuchimba BIOS, nakuta fundi aliweka Curve Optimizer (mpangilio wa kupunguza volti za prosesa) hasi 30 kwa kori zote, "isichemke". Kila hatua pale inapunguza kama milivolti 3 hadi 5, kwa hiyo ameinyima prosesa hadi milivolti 150. Kwenye mzigo mzito inastahimili. Ikiwa imepoa, kori moja ikarukia kasi ya juu ghafla, volti hazitoshi, inakata. Ndiyo maana majaribio yake ya dukani ya kuipa mzigo hayakuonyesha kitu. Nikarudisha sifuri, ikatulia mpaka leo.

Kinachonichemsha sasa ni waranti. Nimebaki na GB 16, nimedai jozi moja ya RAM mbili za GB 16 kila moja, zilizotoka pakiti moja. Jibu: "Umefungua kasha na umegusa BIOS, waranti imekufa." Nani aligusa BIOS kwanza?! AMD wameandika wazi kwamba kuzidisha kasi au kupunguza volti nje ya viwango vyao kunafuta waranti ya prosesa. Aliyefanya hivyo ni duka, kabla sijaibeba mashine, na mimi hakuna aliyeniuliza wala kuniambia.

Risiti ninayo, picha za BIOS ninazo, picha za vibandiko ninazo, na meseji ambazo fundi anakiri kwamba "tuliitune kidogo" ninazo. Mwenye uzoefu wa kudai haki ya mteja dhidi ya duka la namna hii anipe njia: nianzie wapi, na hizi picha zinapokelewa kama ushahidi? Mafundi mtakaokuja kunitukana, karibuni, ila kwanza wekeni hapa picha ya Memtest ya mashine ya mwisho mliyouza.