Mshale wa amita hauteremki hata mzigo ukizimwa: naomba ushauri

Msimamizi wa sola, Shela, Lamu
Assalaam alaikum, mafundi. Ninasimamia chumba cha betri cha nyumba moja ya wageni. Paneli yetu ina voltimita (ya kupima volti) na amita (ya kupima mkondo wa umeme) za mshale, zile za zamani zenye dirisha la plastiki. Tangu chumba kifungwe kiyoyozi kwa ajili ya inveta, kila kijana wa usafi anapoipangusa paneli kwa kitambaa kikavu, mshale wa amita hupanda hadi karibu na ampea 10 ukaganda hapo, ilhali mzigo wote, yaani kila kifaa kinachotumia umeme, umezimwa. Nikipitisha kidole juu ya dirisha, hutikisika. Nimeshauriwa niurudishe kwenye sufuri kwa skrubu ndogo ya usoni. Je, nifanye hivyo, au mita imekufa?

Fundi wa Langoni
Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Mita ni nzima, na skrubu hiyo usiiguse, kwani ukirekebisha sufuri wakati dirisha lina umeme tuli, chaji ikishatoweka utabaki na mita inayosoma uongo.

Plastiki ikisuguliwa hubaki na chaji isiyo na pa kwenda, nayo huuvuta mshale, ambao ni mwepesi na umezuiwa na springi nyembamba sana. Koili za mita hizi, yaani nyaya zilizoviringwa zinazousukuma mshale, huendeshwa na mkondo mdogo mno, nyingine miliampea 1 tu kuufikisha mshale mwisho, hivyo mvuto wa dirisha watosha kuishinda springi. Hewa yetu ya pwani kwa kawaida huacha utando wa unyevu juu ya plastiki, chaji ikavuja. Kiyoyozi ndicho kilichoukausha.

Lipumulie dirisha polepole, kama mtu anayefuta miwani. Mshale ukirudi, tia tone la sabuni ya vyombo katika kikombe cha maji, chovya kitambaa laini, kikamue sana, pangusa dirisha, kisha liache likauke bila kulisugua. Utando wa sabuni unaobaki ndio dawa yenyewe.

Mstaafu wa jenereta, Malindi
Zima paneli kwanza. Spiriti na petroli usizikaribishe, maana dirisha likiwa la akriliki, aina ya plastiki, huota nyufa.

Msimamizi wa sola
Nimepumua, umerudi. Shukrani. Je, itadumu?

Fundi wa Langoni
Hadi kitambaa kikavu kitakapopita tena, kwa hiyo mkabidhi kijana kile chenye unyevu. Siku mshale utakapoganda hata baada ya kupumuliwa, shuku kutu ya chumvi au chembe za chuma katika pengo la sumaku, na hapo umpelekee fundi wa mita.