Dawa ya saratani inamnyonyoa mtoto nywele. Tuendelee au tuache?

MamaMdogo_Arua: Habari zenu ndugu. Mtoto wa dada yangu, miaka 7, alivimba taya tukadhani ni jino. Taasisi ya Saratani pale Mulago wakasema ni Burkitt, saratani ya tezi za limfu. Ameshatundikiwa dripu mara mbili na uvimbe umenywea. Lakini jana nikimwogesha, nywele zilibaki mkononi kama manyoya ya kuku aliyetiwa maji moto. Mdomo vidonda, hata uji unamchoma. Nyanya yake anasema dawa inamuua, tumrudishe nyumbani. Nywele zina kosa gani jamani?

NesiMstaafu: Pole mwanangu. Hazina kosa, zina haraka tu. Dawa hizi haziijui saratani. Zinaijua seli inayogawanyika. Seli ikitaka kuwa mbili hunakili vinasaba, kisha hujenga nyuzi za kuvivuta huku na huku. Dawa iitwayo siklofosfamidi huharibu vinasaba, nyingine, vinkristini, huzuia nyuzi. Seli ikikwama hujiua: hunywea, hujikata vipande, jirani zake wanavimeza kimyakimya. Ndivyo hata vidole vya mtoto tumboni vinavyoachana, seli za katikati zinakufa. Burkitt hukua kwa kasi ya ajabu, ndiyo maana uvimbe umeyeyuka upesi. Mizizi ya nywele, utando wa mdomo na uboho unaotengeneza damu navyo havilali, vinapigwa pamoja. Ila vyenyewe hupona. Msiache katikati.

Karani_Jinja: Mbona kaka yangu kwa hiyo vinkristini alipata ganzi vidoleni? Neva si hazigawanyiki?

NesiMstaafu: Umeuliza vizuri. Nyuzi za aina hiyohiyo ndizo reli za kupitishia mizigo ndani ya neva. Mtoto akianza kujikwaa au kukosa choo, daktari aambiwe.

DawaZaAsili256: Sumu za wazungu hizo. Nicheki inbox, nina mizizi.

Boda_Ntinda: Mzee, vinkristini yenyewe inatoka kwenye ua la Madagaska, lile la pinki watu wanalipanda uani. Na mama usije ukalichemsha! Ni sumu kweli, kipimo ndicho kinachoifanya dawa.

NesiMstaafu: La muhimu kuliko yote: wiki moja hadi mbili baada ya dripu seli nyeupe za damu, askari wa mwili dhidi ya maambukizi, hushuka. Joto likifika 38, hata saa nane usiku, hospitali. Msimpe parasetamoli mkalala.

MamaMdogo_Arua: Asanteni. Kipimajoto nimenunua leo. Nyanya nimemsomea kwa simu, kanyamaza, halafu akauliza: zikiota, zitakuwa kipilipili au za singa?

NesiMstaafu: Mwambie huwa zinabadilika wakati mwingine. Asishangae.