Gitaa zito: tununue amplifaya ya valvu au pedali inatosha?

Kijana wa Tabata
Wakuu, habari za jioni. Bendi yetu ina watu wanne, tunafanya mazoezi chumba cha nyuma cha duka, na kwa miezi kumi na moja tumechanga milioni 2 na nusu. Sasa tumegawanyika. Kuna amplifaya (kikuza sauti) ya valvu, zile taa za vioo za zamani, mtumba kutoka Marekani, wati 50, muuzaji yuko Sinza na anataka pesa yote. Mimi na mpiga besi tunaitaka. Wenzetu wawili wanasema tununue pedali mbili za maana, vile visanduku vya mguuni vya kubadili sauti ya gitaa, tubaki na amplifaya yetu ya transista, chenji twende nayo studio. Swali ni moja: ile sauti nzito inayokugonga kifuani ukizibia nyuzi kwa ukingo wa kiganja, inatoka kwenye amplifaya au kwenye pedali? Naomba wajibu watu waliopiga, si waliotazama video.

Nyuzi Sita
Valvu. Chukua hiyo amplifaya kesho asubuhi kabla hajaamka mwingine.
Distosheni, yaani sauti kupasuka, ni nini? Umeleta wimbi kubwa kuliko mlango wa kupitia, kwa hiyo linakatwa kichwa. Valvu ikizidiwa hulikata taratibu, kichwa kinabaki na mviringo, ukilegeza mkono sauti inalegea na wewe. Dayodi (vipuri vidogo) za ndani ya pedali zinakata kama panga. Nimepiga miaka 14, vidole vyangu vinajua tofauti hata nikifunga macho. Pedali ni pilipili, amplifaya ndiyo mchuzi.

Rongai Metal
Kaka Nyuzi Sita, hizo ni hadithi za wenye pesa. Dimebag Darrell, mpiga gitaa wa bendi ya Pantera, alitumia amplifaya za Randall za transista miaka yote ile ya 90, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba gitaa lake ni jepesi. Stockholm je? Sauti ya bendi ya huko, Entombed, ya mwaka 1990, ile ya msumeno, ni pedali ya Boss HM-2 yenye nobu zote nne zimezungushwa hadi mwisho. Pedali ya plastiki na chuma iliyotengenezwa kuanzia 1983, Boss wakaacha kuitengeneza 1991, halafu watu wakaililia mpaka wakalazimika kuirudisha. Sasa nionyesheni mchuzi uko wapi hapo.
Kijana, nunua pedali. Na usikubali mtu akutishe na miaka yake 14.

Fundi wa Gerezani
Naona wote mnabishana juu ya kisanduku, hakuna aliyeuliza spika.
Spika ya gitaa ya inchi 12 haipigi kila kitu. Ikipita kama hezi 5,000 inaanguka, na hapo ndipo makwaruzo mabaya ya distosheni yanapoishi. Ndiyo maana pedali ileile ukiichomeka moja kwa moja kwenye mikisa (meza ya kuchanganyia sauti) na spika za ukumbi unasikia nyuki ndani ya debe. Spika ni chujio. Kabla ya valvu na pedali, niambie utatokea kwenye spika gani.
Pili, uzito hauji kwa kuongeza besi mwanzoni. Besi nyingi ikiingia kwenye distosheni inakuwa tope. Unaipunguza kabla, unairudisha baada. Watu wa metali (roki nzito) wanaweka pedali ya Tube Screamer mbele ya amplifaya yenye geini (kiwango cha kupasua) kubwa, geini ya pedali sifuri, volyumu yake juu kabisa. Hawaihitaji kwa kupasua, wanaihitaji ipunguze sauti za chini ili kila pigo lisimame peke yake.
Tatu, wati 100 kwa wati 50 ni desibeli 3 tu. Usilipie namba.
Nne, hiyo ya Sinza, geuza nyuma usome volti. Usiiwashe kabla hujasoma.

Mzee Solo
Wanangu, nimesoma yote haya na moyo umeniuma. Milioni mbili na nusu kwa ajili ya kuharibu sauti? Sisi tulihangaika kutafuta vyombo ili gitaa litoke safi. Msikilizeni Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, baadaye Super Volcano: kila uzi unausikia, solo inazungumza, rithim inamjibu, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Amefariki tangu Januari 1979 na vidole vyake bado vinaeleweka. Hii distosheni ni blanketi la asiyejua kupiga, unajifunika ili makosa yasionekane. Na ni kelele za Wazungu. Si zetu.

Rongai Metal
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo umenigusa pabaya. "Si zetu"? Nairobi kuna wasee wamepiga metali tangu tukiwa shule ya msingi, wakilipa ukumbi kutoka mfukoni. Bendi ya Duma walitoka Nairobi, albamu yao ikatolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2020, na dunia nzima ikageuka kutazama. Hao nao ni Wazungu?

Mtoto wa Kwaya
Mimi la Wazungu naliacha. Lililonichoma ni "blanketi la asiyejua kupiga". Mzee, kwa heshima yote, hujawahi kupiga na geini kubwa. Distosheni inabana sauti: kidogo kinapandishwa kiwe sawa na kikubwa. Kwa hiyo ukigusa uzi wa jirani kwa bahati mbaya, kidole kikiteleza, hata kucha ikikwaruza, kanisa zima linasikia. Gitaa safi linasamehe zaidi. Nilikaa miezi sita najifunza kunyamazisha nyuzi tano ili mmoja uimbe.
Na Fundi ana haki. Pasaka moja nilichomeka pedali moja kwa moja kwenye mikisa ya kanisa. Mchungaji alisimamisha pambio, akauliza kama kuna waya unaungua. Nililia siku hiyo.

Katanga Fuzi
Papa Mzee Solo, niko Lubumbashi, Zambia ni hapo karibu. Miaka ya 70 vijana wa kule Copperbelt na Lusaka walipiga gitaa lenye fuzi, ile distosheni ya mikwaruzo, linalowaka moto. Paul Ngozi na Ngozi Family. WITCH ya Jagari Chanda. Amanaz. Leo wanaiita Zamrock. Paul Ngozi aliimba maisha ya mtaani kwa lugha za nyumbani huku gitaa linapasuka kama bati la nyumba kwenye upepo. Niambie huyo alikuwa Mzungu wa wapi?

Mzee Solo
Mwanangu, hao walisikia rekodi za Jimi Hendrix wakaiga. Kuiga si kumiliki.

Bi Besi
Babu, kwani gitaa lenyewe lilichongwa Ujiji? Rumba yenyewe ilivuka kwenda Cuba ikarudi kwenye sahani za santuri, ndiyo mkaipigia dansi. Hamkuambiwa mnaiga. Na huyo Hendrix unayemtaja alikuwa Mweusi, babu. Kama kelele hizi ni za Wazungu basi walizipata kwa nani?
Mie ni mpiga besi na ninajibu kwa uchungu, kwa sababu nimeambiwa "si zako" mara mbili: mara moja kwa kuwa mwanamke, mara moja kwa muziki ninaoupenda. Inatosha.

Mzee Solo
Binti yangu, sikumtukana mwanamke yeyote. Nimesema sauti iliyochafuka si kipimo cha ufundi. Na sijafuta neno.

Forodhani
Watu wanasahau Freddie Mercury amezaliwa Zanzibar 1946. Kwa hiyo roki nzito ni yetu na sisi, tena kwa cheti cha kuzaliwa.

Nyuzi Sita
Forodhani, Freddie alikuwa sauti na piano. Gitaa la Queen ni Brian May, anayekwaruza nyuzi kwa sarafu ya peni sita kupitia amplifaya za Vox AC30. Za valvu hizo! Mbele yake kuna kipandisha trebo tu, cha kuinua sauti za juu. Narudia, valvu.

Rongai Metal
"Kipandisha trebo tu" ndiyo pedali, kaka. Umejifunga mwenyewe. Tony Iommi wa Black Sabbath vilevile, kipandisha trebo mbele ya amplifaya ya Laney. Yule aliyekatwa vidole vya mkono wa kushoto kiwandani.

Mtoto wa Kwaya
Mkono wa kulia. Iommi ni wa shoto, kwa hiyo mkono wa kulia ndio unaobana nyuzi. Mashine ya kiwanda cha Birmingham ilichukua ncha za vidole viwili, cha kati na cha pete. Akayeyusha plastiki ya chupa ya sabuni akajitengenezea vifuniko, akatafuta nyuzi nyembamba, baadaye akalegeza gitaa nusu-toni tatu ili asiumie. Uzito wote unaousikia 1971 umeanzia kwenye maumivu hayo. Ukimtaja, mtaje sawasawa.

Katanga Fuzi
Narudi kwa papa Mzee Solo, maana hakunijibu la maana. Umesikia kundi la Konono Nº1 la Kinshasa? Marehemu Mingiedi Mawangu alitaka likembe, ile ala ya vipande vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, isikike juu ya kelele za jiji. Akatengeneza pikapu kwa sumaku za vyuma vya magari, sauti ikatokea kwenye vipaza sauti vya zamani. Ikapasuka. Wakaikubali ikawa ndiyo sauti yao, na albamu ya 2004 ikaipeleka duniani. Hakuna gitaa hapo, hakuna Hendrix. Ni likembe ya mababu na distosheni.

Mzee Solo
Hiyo ilikuwa hitilafu. Wangepata vyombo vizuri wangepiga safi.

Fundi wa Gerezani
Mzee, nakuheshimu kuliko wengi hapa, ila zote zilianza na hitilafu. Nashville, chaneli ya mikisa iliharibika katikati ya kurekodi wimbo wa Marty Robbins uliotoka 1961, besi ya mpiga gitaa Grady Martin ikatoka imechakaa. Wangeweza kuifuta. Waliiacha, na mwaka 1962 kampuni ya Gibson wakauza kisanduku kinachoiga huo ubovu, Maestro Fuzz-Tone. London 1964, Dave Davies wa The Kinks aliichana spika ya amplifaya yake ndogo kwa wembe. Nimetengeneza redio miaka 30. Kazi yangu ni kuondoa mikwaruzo. Na bado nikisikia gitaa limepasuka vizuri nasimamisha kazi. Sijui nikuelezeje zaidi ya hapo.

Mzee Solo
Fundi, wewe nimekusikia. Lakini yule aliyechana spika kwa wembe, kwetu angechapwa.

Bi Besi
Na mimi nina moja kwa wapiga gitaa wote, valvu au pedali. Mkiwa peke yenu chumbani mnashusha sauti za kati zote, mnapandisha besi na trebo, mnasema "nzito". Mkija kwenye bendi mnapotea. Chini nipo mimi na ngoma kubwa, juu kuna matoazi. Mlipobaki ni katikati, na ndiko mlikokufuta. Halafu mnaongeza volyumu mpaka mwimbaji anakohoa. Uzito mnaoutafuta nusu yake ni besi yangu.

Rongai Metal
Dada, hili nakubali. Geini pia, punguza hadi uone aibu, ndipo mpige pamoja.

Kijana wa Tabata
Wakuu, nilikuwa kazini, nimekuta kurasa tatu za Zambia na Wazungu. Nashukuru, ila swali langu lilikuwa amplifaya. Leo nimekwenda Sinza. Nyuma imeandikwa 120V 60Hz. Muuzaji anasema nitumie stabilaiza.

Fundi wa Gerezani
Hapana. Stabilaiza inatuliza umeme wetu ubaki kwenye 230, haiushushi kuwa 120. Ukiichomeka hivyo, kama una bahati fyuzi itakatika, kama huna transfoma itaungua. Unahitaji transfoma ya kushusha, isiwe chini ya wati 300, isiyo ya kichina cha dukani kilichoandikwa 300 na kubeba 100. Na kwa kuwa umeme wetu ni hezi 50 badala ya 60, transfoma ya ndani itapata joto zaidi kidogo, iachie nafasi ya kupumua. Usifungue mfuniko. Ndani kuna volti 400 na zaidi, na kapasita zinaweza kukaa na umeme hata ukichomoa waya ukutani.
Aliiwasha ukasikia?

Nyuzi Sita
Transfoma si bei mbaya kijana, usikate tamaa. Valvu ni valvu.

Rongai Metal
Transfoma ni pedali nyingine nzima hiyo. Hesabu vizuri.

Kijana wa Tabata
Fundi, aliiwasha kwa transfoma yake, taa nyekundu ikawaka, valvu zikawa na rangi ya machungwa. Ilipendeza sana. Ila sikusikia kitu. Ni kichwa tu, yaani amplifaya yenyewe, spika hana.

Fundi wa Gerezani
Aliiwasha bila spika kuchomekwa?

Kijana wa Tabata
Ndiyo. Anasema huwa anawaonyesha wateja wote hivyo.

Fundi wa Gerezani
Basi pesa zibaki mfukoni mpaka niipime. Amplifaya ya valvu haiwashwi bila spika, transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua, na hiyo ndiyo roho yake. Muulize kama anakubali niende nayo Gerezani Jumamosi, nina spika ya inchi 12 ya omu 8 mezani. Njoo na gitaa lako na ile pedali mnayoibishania.

Katanga Fuzi
Papa Mzee Solo, bado nakusubiri kwenye Konono.